Ini Langu Liliomba Hifadhi

Usinitazame hivyo. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, na ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye njia ya kutoka Keza kwenda Rulenge, kwetu mpakani, miaka ile ya wakimbizi.

Watu husema, "fulani amenikata maini." Mimi nilikatwa kweli. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la chakula cha kambini. Ini lake lilipoharibika, waajiri wake walitupeleka India sote wawili, nikakatwa zaidi ya nusu ya ini langu akapewa yeye. Daktari alitueleza vizuri. Langu lingekua tena mpaka lijae, na la kaka lingekua pia, ila mwili wake ungeliona geni na kutaka kulifukuza. Kwa hiyo ameze vidonge kila siku, maisha yake yote, na pombe asiguse. Tulirudi wazima. Mwaka mzima aliendesha lori kama zamani, nami nilijivuna, niamini.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba mbegu za maharage. Nikamwona mwanamke ameketi kando ya njia na kifurushi chake, nikadhani ni mkimbizi kama wengine. Akainua uso. Uso wangu! Wangu kabisa, ila macho ya manjano, na ananuka rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Akaniita kwa jina la utotoni ambalo marehemu mama peke yake alilitumia.

"Nipe mahali," akasema. "Kule ulikonipeleka wamenichoka. Dawa hawanipi tena, wananimwagia pombe tu. Nirudishe nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Akaweka kiganja juu ya nguo yangu, palepale lilipo kovu la upasuaji. Kilikuwa cha moto. Wewe ungefanya nini? Mimi nilijibu neno lililokuja mdomoni: "Pameshajaa."

Akaguna, akachukua kifurushi, akashika njia ya kurudi Keza, kwa kaka.

Nilimfuata mbio, sikumwona tena. Nilimkuta kaka uani na wenzake, wamezunguka chungu cha rubisi, mrija mdomoni. Nikamwamkia shikamoo kwa hasira.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. Macho yake yalikuwa na manjano yaleyale.

Nikamuuliza wifi habari ya vidonge. Akaniletea kopo. Limejaa, lina vumbi.

"Mimi nimepona," kaka akacheka. "Anayemeza dawa ni mgonjwa."

Nilimtukana mbele ya watu, mkubwa wangu, na sijutii. Tulimkimbiza hospitali, wakahangaika naye, lakini mwili ulikuwa umeshalikataa lile ini. Maharage niliyopanda yalikuwa hayajatoa maua tulipomzika.

Msibani wakanisihi nilie. Nilie nini? Mle jenezani nilikuwemo na mimi, kipande changu kizima kisicho na kosa, kimeuawa kwa uzembe wa mtu mzima! Hasira hiyo haijanitoka. Mpaka leo, ikifika saa saba mchana, kovu hushika moto, kiganja kilekile. Nami najuta neno moja tu, lile la pameshajaa.

Wewe uliyepewa kiungo na ndugu yako, meza dawa zako. Usijidanganye kwamba kimekuwa chako. Huyo ni mgeni wako, na ana kwao. Ukimtesa, atakuja kutuambia sisi wa kwao.