Nilivyochagua software na njia ya malipo ya duka langu la dera, na mimi sipokei simu

Wakuu, niaje. Salaam kwa wa mtaani na wa mbali.

Nimesoma hapa nyuzi nyingi za watu wakibishana ni software gani inafaa duka dogo la mtandaoni. Wacha niwape yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe hapa Mbotela, Nairobi, sijaongeza chumvi, na nilipoteleza nitasema.

Kwanza mnijue kidogo. Naitwa Rukia. Mimi ni fundi wa nguo: dera, abaya, kanzu za watoto. Na ni kiziwi. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la tatu. Nikapona, masikio hayakupona.

Hapa kwenye uzi hamngejua nisingewaambia. Hiyo ndiyo raha ya kuandika.

Miaka yote mama aliuza nguo nilizoshona kwenye kibanda chake soko la Muthurwa. Yeye ndiye aliongea na wateja. Magoti yakamsumbua mpaka akasema anaacha, na familia ikakaa kikao. Kaka yangu Hassan akaleta wazo: yeye apokee simu za wateja, mimi nishone tu. Mama akakubali. Shangazi akakubali. Mimi sikuulizwa.

Nikasimama katikati yao nikawaambia kwa ishara: nataka duka la mtandaoni, na nitaliendesha mwenyewe.

Hassan akaniuliza, "Na mteja akipiga simu?"

Basi nikaenda kutafuta jibu.

Ya kwanza niliyojaribu ni ile mifumo ya ng'ambo mnayoisifu sana hapa. Ni mizuri, siwadanganyi. Picha zinang'aa mpaka dera la mtumba linaonekana la harusi. Lakini ada ni ya dola kila mwezi, na malipo yake yamejengwa kwa watu wa kadi. Wateja wangu ni akina mama wa Jericho na Makadara. Wanalipa kwa simu. Kuunganisha malipo ya simu pale ilibidi ununue kijiprogramu kingine juu yake. Nikaachana nayo.

Ya pili alinipa jirani yetu Otieno, ambaye anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja mjini. Mtu mzuri sana, alijitolea kunijengea website kwa software ya bure. Tukaanza hata. Nikaona tatizo: kila kitu kikikwama ni yeye wa kurekebisha, na yeye yuko kazini. Nilikuwa nimetoka kumtegemea Hassan nikaingia kwa Otieno. Nikamshukuru, nikamshonea mkewe dera, tukabaki marafiki.

Zikabaki kampuni mbili za hapa hapa zinazokodisha duka lililo tayari. Unaweka picha na bei, unaunganisha till yako, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, umemaliza.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo uamuzi ulitoka.

Niliwaandikia wote wawili kwenye chat swali moja: mteja akilipa, nitajuaje? Wa kwanza wakajibu, "Habari dada, tafadhali tupigie simu tukueleze."

Nikafunga hiyo page.

Wa pili wakaniandikia hatua kwa hatua, na picha. Mteja akibonyeza kulipa, kisanduku kinatokea kwenye simu yake, anaweka PIN, na oda kwangu inabadilika yenyewe kutoka "inasubiri malipo" kuwa "imelipwa". Simu yangu inatetema. Sihitaji mtu wa kunisomea wala kunithibitishia.

Rangi zao ni mbaya, kijani fulani kama ukuta wa zahanati. Nikachukua hao.

Kulipa mzigo ukifika nako nilijaribu, kwa sababu watu wa Nairobi wanapenda kushika kitu kwanza, na siwalaumu. Wiki ya kwanza mtu wa boda akafika mlangoni kwa mteja Umoja, mteja akasema rangi si ile. Boda akanipigia, akanipigia tena. Simu inatetema, na mimi nitamwambia nini? Mzigo ukarudi, na mafuta ya boda nikalipa mimi. Hapo niliteleza.

Nikabadilisha. Anayetaka kuletewa, analipa kwanza. Anayetaka kujaribu, aje nyumbani, avae, ajitazame kwenye kioo, akipenda alipie papo hapo kwa mfumo ule ule.

Nikaandika pia juu kabisa ya duka: "Hatupokei simu, tunaandikiana."

Otieno akaniandikia, "Rukia, watu wataona hiyo waseme ni matapeli." Na alisema kweli. Mwezi mzima maswali yalikuwa mengi, oda chache.

Nikafikiri: wanaogopa kwa sababu hawanioni. Nikajirekodi video. Mimi, cherehani yangu, ninaonyesha pindo la dera, ninaongea kwa ishara, na maneno yanaandikwa chini: "Mimi ni kiziwi. Nashona mwenyewe. Niandikie, nitakujibu."

Wakuu, oda zikaanza kuingia. Idd ilikuwa inakaribia, nikamwita binti wa shangazi anisaidie kukata vitambaa.

Sasa Jumamosi moja mchana, mwanamume mmoja akaja nyumbani kuchukua oda kubwa, dera nne na kanzu mbili. Hassan ndiye alifungua mlango. Jamaa akamwonyesha simu, kuna message ya malipo, jina la duka, kila kitu. Nikamwangalia midomo akimwambia Hassan, "Bro, mweleze dada. Hasikii, labda hajaelewa."

Hassan akanigeukia kwa ishara: amelipa, mpe.

Nikaangalia mfumo. Inasubiri malipo.

Nikamwonyesha Hassan skrini. Akasema mtandao huchelewa, tusimwaibishe mtu. Yule jamaa tayari alikuwa ameshika mfuko wa nguo. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya wiki nzima, na watu wawili wenye masikio wananiambia nimekosea.

Nikashika mfuko upande wa pili. Nikaandika kwenye simu yangu nikamwekea mbele ya macho: "Message si malipo. Bonyeza kulipa sasa hivi. Hapa ikibadilika, unabeba."

Akasoma. Akasoma tena. Akasema anaenda kumwuliza mkewe kwenye gari.

Hassan alimngoja mlangoni mpaka akachoka. Hakukuwa na gari. Aliporudi ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja akacheka kicheko ambacho mimi nilikiona tu mabegani.

Siku hiyo hiyo nilimtoa kwenye admin ya duka, ambako tangu mwanzo nilikuwa nimemruhusu kuingia na kubadilisha oda.

Akagundua akijaribu kuingia. "Umenitoa?"

"Ndio."

"Na mimi nifanye nini sasa?"

"Peleka mizigo. Uko na pikipiki."

Sasa anapeleka mizigo, analipwa kama boda mwingine yeyote, na anasema ndiyo kazi ya kwanza ambayo bosi wake hampigii kelele. Mama naye, rafiki zake wa Muthurwa wakimwuliza bei ya dera, anawaambia, "Mwandikieni mwenye duka."

Nilichojifunza ni hiki. Usianze na software, anza na wewe. Ni kitu gani huwezi kufanya, au hutaki kufanya kila siku? Tafuta mfumo unaokibeba hicho, hata kama rangi zake ni mbaya. Kwenye malipo, amini kile mfumo wako umeona, usiamini kile mteja anakuonyesha kwenye simu yake, awe amevaa vizuri namna gani.

Na wajaribu watu wa huduma kabla hujawapa hela. Waulize swali. Wakijibu unavyotaka kujibiwa, baki nao.

Sasa na mimi nina swali. Kuna dada yuko Minnesota anataka abaya saba za harusi, na hawezi kulipa kwa till. Waliopokea kadi kutoka nje kwa duka dogo kama langu, mlitumia njia gani na iliwakata ngapi? Mwageni hapa chini, nasoma zote.