Jongoo Aliyesafiri kwa Treni

Tuliondoka Kolwezi, mji wa migodi huko Katanga, Kongo, kwa sababu tulifukuzwa, na sina namna ya kulipamba jambo hilo. Baba yangu aliletwa kutoka mkoa wa Kasai akiwa kijana kufanya kazi mgodini. Mimi nilizaliwa Manika, mtaa wa Kolwezi, nikasoma Manika, nikafundisha biolojia Manika. Asubuhi moja jirani aliyezoea kuniomba chumvi alininong'oneza kwamba wenye asili ya Kasai wanatolewa nyumba kwa nyumba, afadhali nitangulie. Hofu yangu ilikuwa moja tu: Tata, baba yangu. Vumbi la mgodi lilikuwa limemmaliza kifua, na muuguzi alikuwa ameniambia wazi kwamba mzee akilowa mvua tu, nisimtegemee tena.

Saa mbili asubuhi tulishika njia ya gare, kituo cha treni. Tata alikaa nyuma ya baiskeli, amepakata unga na sufuria, nami nikaisukuma. Godoro lilikuwa kichwani mwangu, na kwapani nimebana bunda la kitambaa ambalo mpaka leo ndugu zangu wananicheka kwalo.

Ngoja niwaeleze. Wanafunzi wangu walikuwa wameunganisha magunia, wakachora juu yake jongoo wa zamani sana kwa ukubwa wake halisi: mita mbili na nusu, mpana kama mlango. Rangi tuliomba kwenye karakana ya mgodi, ile nzito ya mafuta inayopakwa mashine. Nilitaka waone kwa macho yao kwamba kabla ya mtu, kabla ya ndege, kabla hata ya mijusi wakubwa, jamaa za jongoo walitoka majini wakakanyaga nchi kavu, wakaikuta haina mwenyewe. Vizazi vingi baadaye wengine wao wakawa wakubwa namna ile, na juu yao wakiruka kerengende wenye mabawa ya kufunika dawati. Upindo wa kitambaa ulifumuka, prefe, mkuu wa shule, akaniruhusu niende nacho nyumbani kushona, nikatia saini kwenye daftari. Shule ikafungwa kabla sijarudisha.

Mlangoni mwa gare vijana wenyeji wa Katanga wenye fimbo walikuwa wanapekua watu. Kila mtu mzigo mmoja. Anayepekua upande wetu alikuwa Numbi, mwanafunzi wangu. Yeye ndiye aliyechora miguu yote ya upande wa kushoto, na aliichora vizuri.

"Madamu, chagula," alisema akitazama chini. "Matela ao ile kitambaa."

Mtu mwenye akili zake angeshika godoro. Mimi sijui niliingiwa na nini. Jibu lililonitoka lilikuwa la mwalimu: "Hii haiko yangu. Iko ya masomo, nilisaini." Wenzake wakacheka sana. Numbi hakucheka. Alichukua godoro, akaniachia bunda. Tata aliona yote, akashuka kwenye baiskeli, nayo tukaiacha pale mlangoni.

Siku tisa tulikaa pale gare tukingoja treni, watu wamejaa hadi kwenye reli. Tata alilala juu ya boksi lililokunjuliwa, baridi ya sementi ikimpanda mbavuni, akikohoa. Nilimtandikia kitambaa, akakisogeza pembeni; alisema hawezi kulalia mdudu. Nilijilaani kila nilipomtazama. Mwanamke mzima, mwalimu, nimebadilisha usingizi wa baba yangu na picha ya jongoo!

Siku ya kumi tulipanda behewa la wazi, la kubebea mawe ya madini. Baada ya Tenke mawingu yalianza kujikusanya upande wa Bukama, tulikoelekea. Hapakuwa na paa. Hapakuwa na pa kumficha Tata. Nilikunjua kitambaa kwa sababu tu sikuwa na kingine, nikijua kitavuja, maana magunia ni magunia. Tukajibana chini yake watu wanane, tumeshika pembe kwa mikono. Mama mmoja alikataa kuingia chini ya mnyama yule, akasema ni uchawi. Mvua ilipochanganya, aliingia akituomba tusogee.

Hakikuvuja. Ile rangi ya mashine ilikuwa imeziba kila tundu. Niligusa shati la Tata, nikagusa tena; lilikuwa kavu, nami nikalia bila aibu. Yule mama akataka kujua ni mnyama gani, basi nikafundisha humohumo. Tata alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyu jongoo," akauliza, "nani alimufukuza?"

"Hakuna mutu, Tata. Mabwawa ilikauka."

"Basi alikuwa na bahati," akasema, akalala.

Tulipofika Mwene-Ditu, huko Kasai, ndugu zake walitupokea kwa mikono miwili, kisha wakacheka namna tulivyosema Tshiluba, lugha yao. Sokoni tuliitwa watu wa Katanga. Tata alipewa kipande cha shamba akalima muhogo polepole, akipumzika kila baada ya tuta.

Miaka mitatu baadaye, hali ilipotulia, nilipanda treni kurudi Kolwezi. Tata mwenyewe alinisukuma: ulisaini, rudisha. Shule niliikuta haina madirisha, prefe ni mwingine, daftari halijulikani liliko. Mlinzi wa getini alikuwa Numbi. Hatukusalimiana. Nilikunjua kitambaa pale chini, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye miguu aliyoichora.

"Madamu," akasema baadaye, "muzee alilala juu ya nini?"

"Juu ya boksi. Siku tisa." Sikutaka kumrahisishia. "Njiani mvua ikanyesha, tukamufunika na hii. Upande wa maguu yako. Hakulowa."

"Iko muzima?"

"Iko muzima."

Aligeukia ukuta, akalia. Nilingoja amalize, kisha akaleta nyundo na misumari, tukamtundika jongoo darasani.

Nilichojifunza ni kidogo. Somo langu juu ya nani alitangulia kufika nchi kavu Numbi alilijua lote, na halikumzuia kuchukua godoro. Rangi aliyoipaka ndiyo iliyozuia mvua.