Jina Ambalo Mkwe Halitamki

Shigela alikuwa na hofu mbili, na kubwa si ile unayoidhania. Ya kwanza ilikuwa miaka thelathini jela, maana ndiyo adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na kesi hiyo haina dhamana. Ya pili ilikuwa kulitamka jina la bibi mmoja wa Sengerema.

Msicheke. Shigela ni fundi wa mashine za boti, Msukuma wa Kisesa aliyelelewa akaleleka. Watu wenye mapanga walipora mashine mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, mtu akasema fundi alikuwamo, naye akakamatwa. Kumbe siku hiyo alikuwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, juu ya paa, akiezeka jiko la mama mkwe wake. Hawakutazamana usoni hata mara moja. Mama aliweka ugali kwenye kigoda, akakohoa, akaenda zake nyuma ya nyumba. Ndipo mkwe akashuka kula. Hapakuwa na mtu mwingine. Shahidi wake ni huyo mama tu, na kwa mila yao jina la mama mkwe halitamkwi. Tangu aoe, Shigela hakuwahi kulitia kinywani. Nami sitalitaja mpaka alitaje mwenyewe.

Siku Prudencia, msaidizi wa kisheria, alipofika gerezani, foleni ya mahabusu ilifika uani. Shigela hakuwa na wakili wala simu, na hata kalamu ilikuwa ya kuazima. Muda ule mfupi na dada huyu wa Kihaya ndio ulikuwa utetezi wake wote.

"Siku hiyo ulikuwa na nani?"

"Na mtu wa Sengerema, dada."

"Jina lake?"

Shigela akatazama sakafu.

"Ni… mama yake mama watoto."

"Kaka, mahakama itamwitaje mtu asiye na jina? Lazima tutoe taarifa mapema kwamba hukuwepo kwenye tukio. Tukichelewa, hakimu anaweza asiupe utetezi wako uzito wowote."

Alifungua mdomo, ulimi ukagoma. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, askari akamwita mwingine. Akarudi ndani mikono mitupu. Alijiona mjinga, na alikuwa mjinga kweli. Lakini adabu uliyofunzwa utotoni haibaki getini unapoingia jela.

Evelina, mkewe, alipokuja kumwona na kuyasikia hayo, alimfokea kupitia nondo mbele ya askari.

"Baba Mayala, yaani uozee humu kwa ajili ya aibu? Ni mama yangu, nitamtaja mimi!"

Akamfuata Prudencia, jina likaandikwa, taarifa ikafika mahakamani kwa wakati. Shigela akashusha pumzi. Masikini, alidhani hofu moja imekwisha.

Siku ya kujitetea, Prudencia alikaa nyuma kimya. Yeye si wakili, haruhusiwi kusema. Shigela akajieleza peke yake, mpaka hakimu akauliza, "Una shahidi?"

"Ninaye, Mheshimiwa. Yumo kwenye karatasi hiyo."

"Nimeiona. Lakini anayejitetea ni wewe. Mtaje shahidi wako, la sivyo nafunga utetezi."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, kwenye benchi la mashahidi, alijua nani amekaa, na kwamba kila neno litamfikia. Akamtazama Evelina, naye alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Akilitaja, atakuwa amemvunjia heshima mama aliyempa mke. Asipolitaja, watoto watakua bila baba. Hakimu akainua kalamu.

"Minza," alisema Shigela, sauti ikikatika. "Minza binti Chenge."

Nje kukawa kimya. Aliuogopa ukimya ule kuliko jela yenyewe. Karani akaita jina hilo kwa sauti, nyayo zikasogea polepole, zikasimama mlangoni.

Kisha akasikia kikohozi. Kilikuwa kile kile cha Sengerema, cha kumwambia chakula kiko tayari, ashuke.

Shigela akageuza uso ukutani, kama impasavyo mkwe, machozi yakimtiririka, na mama akapita nyuma yake kwenda kuapa.