Ukuta wa Chumba cha Pili

Baba alipofariki, mama alibaki na lupango wetu hapa Kolwezi: nyumba ya vyumba vitatu na uwanja wa nyuma tulimokuwa tukilima mihogo. Pensheni ya baba ilichelewa mpaka tukaacha kuiulizia. Benki ilitaka hati ya ardhi ili itukopeshe, na yetu ilikuwa bado kwa jina la babu. Basi mama akaingia likelemba ya wanawake wa parokia, ambapo kila mwezi wote huchanga na mmoja huondoka na fungu lote. Zamu yake ya kwanza ilinunua matofali, ya pili mabati. Hivyo ndivyo vyumba viwili vya kupangisha vilivyosimama pale kwenye mihogo.

Mimi ni karani katika ofisi ya usafirishaji, kwa hiyo makaratasi yalikuwa yangu. Kodi ya serikali juu ya pango niliilipa mimi. Mkataba pia niliuandika mimi, kwa Kifaransa, nikinakili wa rafiki, kisha nikaongeza sentensi moja ya kwangu: mwenye nyumba hatawajibika kwa ajali yoyote itakayompata mpangaji. Nilijiona nina akili sana siku ile.

Chumba cha pili waliingia mume na mke vijana kutoka Kasai. Mume alichimba kobalti na wenzake. Mke alikaanga mikate na kuiuza mbele ya geti. Alikuwa na mimba. Mama alianza kumwita "mutoto yangu" tangu wiki ya kwanza, na jioni walikaa pamoja wakichambua sombe, majani ya mihogo.

Kabla ya mvua kuanza, mume aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha ufa kwenye ukuta wa chumba chao.

"Tata, angalia hapa. Inaanza kufunguka."

"Tutatengeneza kisha ya mvua," nilimjibu.

Baada ya wiki mbili akaniambia tena, kwa heshima ileile. Nikamjibu vilevile. Sikumwambia kwamba wakati wa kujenga nilipunguza saruji ili mifuko itoshe vyumba vyote viwili. Hata mama hakulijua hilo.

Ukuta ulianguka mchana, mvua ikinyesha, mimi nikiwa kazini. Jirani alinipigia simu: matofali yamemwangukia yule mwanamke, mguu umevunjika, wamempeleka hospitali.

Nilimkuta mama kwenye benchi la varanda ya hospitali, liputa yake, kitenge cha kujifunga, imelowa mpaka magotini. Mume alikuwa amesimama mbali kidogo, bado na matope ya machimbo. Nilimvuta mama pembeni.

"Mama, usiseme kitu. Karatasi inatulinda."

"Karatasi inasema nini?"

Nilikuwa nimeibeba. Nikamsomea ile sentensi kwa Kiswahili, polepole.

"Ni nani aliandika ile maneno?"

"Ni mi, mama."

"Na ukuta, ulijua ni mubaya?"

Ningeweza kukataa. Badala yake nikamwambia yote, ufa na saruji. Hakunigombeza. Alinishika mkono kama alivyonishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara ya malori, akanipeleka mbele ya yule kijana.

"Tata," alimwambia, akimwita baba ingawa kwa umri angeweza kumzaa, "ukuta ni yetu na kosa ni yetu. Huyu mutoto wangu atakuambia."

Nikamwambia. Alinisikiliza akiangalia buti zake.

"Nilikuambia mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Nilingoja atukane, au aseme atatushitaki. Angekuwa na haki. Lakini alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. "Bibi yangu anaogopa juu ya mutoto ya ndani," alisema. "Banganga ba hospitali habajatuambia kitu."

Mama akaketi kando yake, akamwekea mkono mgongoni. Tulikaa hivyo, watatu, mpaka muuguzi alipotoka na kutuambia moyo wa mtoto unapiga vizuri. Kijana alilia waziwazi. Mimi pia.

Niliuza pikipiki yangu kulipa hospitali. Mama aliwapa chumba chake cha kulala, yeye akalala sebuleni. Kila asubuhi alimwogesha yule mwanamke, akamsuka nywele, akampikia uji. Mimi na mume tulibomoa kilichobaki cha ukuta, tukaleta fundi, na safari hii nilihesabu mifuko mbele ya wote. Mkataba tuliuandika upya kwa Kiswahili, mbele ya mkuu wa mtaa: mpangaji akionyesha ubovu, mwenye nyumba atengeneze kwanza, maneno baadaye. Nilikwenda pia kuuliza bima ya nyumba, na tangu hapo tunailipa pamoja na kodi.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakati mguu wa mama yake ulikuwa bado ndani ya plasta. Walikaa kwetu miaka mitatu. Kisha mume akaacha machimbo, wakahamia Dilolo kufanya biashara ya mpakani.

Jumapili baada ya misa simu ya mama hulia: ni yule mwanamke, kutoka Dilolo. Wanaongea mpaka chakula kinapoa, halafu ananipa na mimi. Namwuliza kwanza habari ya mguu. Anasema siku za baridi unamuuma kidogo. Kisha anampa simu binti yake, ambaye ananiita tonton, yaani mjomba, na kunisimulia habari za shule, moja baada ya nyingine, nami namsikiliza mpaka anapomaliza.