Kamba ya Ndagala

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu huenda polepole.

Leo motari amefunga gunia langu kwenye pikipiki yake kwa kamba ya wavu. Harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, imenirudisha kwenye mto Mulongwe, siku ya michezo ya vijana wa kanisa. Kiongozi wetu aliazima kamba kwa wavuvi, akazifunga kwenye miti ya ng'ambo zote mbili: moja ya kukanyaga, nyingine ya kushika. Tuligawanywa kwa sauti za kwaya. Ukivuka, wenzako wa sauti yako wanakuimbia mpaka ufike.

"Na weye, uko soprano ao alto?" kiongozi aliniuliza.

Kwenye kwaya nilikuwa nafungua mdomo tu.

"Huyu ni samaki, kiongozi!" msichana mmoja alisema. "Hana sauti!"

Wakacheka.

"Basi, utavuka mwisho."

Nilipopanda, kila kikundi kilidhani kingine kitaniimbia. Nikasikia maji tu. Kamba ilikuwa imelowa, ikinikwaruza viganja. Katikati ya mto nilijiimbia mwenyewe, kwa nguvu, wimbo mzima.

Nilipofika ng'ambo, wenzangu walikuwa wameshakwenda kula maharagwe. Kiongozi pekee alibaki, akiningojea afungue kamba.

"Haraka, chakula kinapoa," alisema.

Mpaka leo sijui niko soprano au alto. Kama nawe uliwahi kuvuka bila kuimbiwa, niandikie. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.