Kufuli la Hakikisha

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hajawahi kunywa chai bila kuinusa kwanza. Anainusa chai aliyopikiwa na mke wake wa ndoa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama vile imeletwa na mtu anayemdai roho. Miaka ya mwanzo dada alikuwa akinuna. Baadaye alichoka kununa, na siku hizi anamwekea kikombe mezani na kumwambia, "Haya, nusa upesi, inapoa." Machimboni tunakofanya kazi, yeye dereva wa tipa na mimi fundi matairi, hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Hakikisha, kwa neno ambalo halimtoki mdomoni.

Hakuzaliwa hivyo. Dada anaapa kwamba alipomwoa alikuwa kijana wa kucheka ovyo, mwepesi wa kuazima watu vitu na kusahau. Kisha siku moja akanunua vipuri vya breki vilivyokuwa ndani ya boksi zuri, jipya, lenye muhuri. Akavifunga kwenye gari, akapakia kokoto, na kwenye mteremko wa machimbo breki zikakataa. Kilichomwokoa ni rundo la mchanga lililokuwa chini. Alikwenda dukani kwa miguu, boksi tupu mkononi, na mwenye duka akamtazama usoni na kumwambia hajawahi kumwona maishani mwake. Mimi naamini breki hazikumharibu. Kilichomharibu ni maneno ya yule mwenye duka.

Sasa niseme kuhusu magari, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Machimboni kwetu tipa zina majina mawili tu. Kuna Pua, zile zenye boneti ndefu, injini imetangulia mbele ya kabini. Na kuna Bapa, zenye uso uliosimama wima kama kabati, dereva amekalia injini. Kampuni zinazozitengeneza zina majina yao marefu, lakini hatujawahi kuyahitaji. Nilipoanza kazi yadi nzima ilikuwa Pua. Bapa zikaingia kidogo kidogo, kama wageni waliosema hawakai, na tuliposhtuka Pua zilikuwa zimesukumwa ukutani, zinaota majani. Moja tu ilikuwa bado inapakia kila siku, na dereva wake alikuwa shemeji.

Wakala wa Bapa alikuwa haishi kuja. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lile, mkononi kofia za kugawa bure. Shemeji alipopewa ya kwake aliigeuza ndani nje, akapapasa pindo lote, kisha akamrudishia.

"Mzee wangu," wakala akamwambia, "katika kila tipa kumi mpya zinazoingia kazini nchi hii, saba ni zetu. Saba! Watu wote hao wamekosea?"

"Nani amezihesabu?"

"Sisi wenyewe tuna takwimu."

"Ahaa, nyie wenyewe." Shemeji akatikisa kichwa taratibu. "Na zile zilizolala gereji mnazihesabu upande gani?"

Tulicheka mpaka wakala akaenda kujificha ofisini. Lakini ofisini ndiko kulikokuwa na mambo. Mwenye machimbo, mwanamke mmoja mkavu tunayemwita Mama Kokoto, alikuwa anataka kununua tipa mpya na kufuta zote za zamani. Alitoka nje, akatukusanya, akasema kwamba hataki takwimu za mtu. Pua ya shemeji na Bapa moja zitafanya kazi ileile, njia ileile, kiangazi chote. Itakayoamka kila asubuhi na kufanya kazi bila kulala gereji ndiyo aina atakayonunua. Nyingine itauzwa chuma chakavu.

"Na mimi?" shemeji akauliza.

"Wewe si hutaki kupanda Bapa?"

"Sitaki."

"Basi ombea Pua yako."

Mwanzoni hakuhitaji kuomba. Pua iliamka kila siku, ikapanda mlima na mzigo wake bila kulalamika, wakati Bapa ilivunja springi na kukaa juu ya mawe ikisubiri kipuri kutoka mjini. Shemeji alitembea kifua mbele. Tatizo ni kwamba mtu wa aina yake, mambo yakimnyookea, anaanza kuuliza yatapindwa na nani. Na mtu wa kumshuku alikuwa naye karibu, tena alikuwa mezani pake kila Jumapili: mkwe wake.

Kijana huyo ni fundi injini. Alimwoa binti yao wa kwanza, mpwa wangu. Ni mpole, hana makuu, lakini ana dosari moja kubwa: ufundi wake alifunzwa na watu wa Bapa, na ni wao waliompendekeza kwa Mama Kokoto. Siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha nyumbani, shemeji alimuuliza kwa nini amekuja kwa miguu wakati ana pikipiki. Kijana akajibu kwamba pikipiki ingepiga kelele, akaona si adabu. Shemeji alilitafakari jibu hilo wiki nzima na hakuridhika nalo.

Siku moja aliniita nyuma ya tangi la maji. "Shemeji, mkwe wetu anakula wapi?"

"Anakula kwako. Juzi kamaliza sufuria."

"Usinifanye mtoto. Nauliza anakula wapi."

Nilielewa alichomaanisha: kwamba kijana analipwa na watu wa Bapa. Nikamwambia ana wazimu. Lakini sitaficha, kuanzia siku hiyo na mimi nilianza kumpiga jicho yule kijana, na ukishaanza kumtazama mtu hivyo kila anachofanya kinakuwa na namna. Mchana mmoja nilimwona amesimama nyuma ya Pua, peke yake. Aliingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakitoa, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Nilikwenda kumwambia shemeji nikiwa nahema.

Kesho yake shemeji alichomelea pete mbili za chuma kwenye boneti na kuifunga kwa kufuli. Ufunguo mmoja aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya viatu. Wa pili aliutupa kisimani mbele yangu ili niwe shahidi. Tangu hapo hakuna aliyeigusa injini ile. Oili alitia yeye. Maji alitia yeye. Na filta ya hewa, ile inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini, aliitoa kila asubuhi na kila jioni, akaipigapiga kwenye tairi mpaka vumbi likatoka kama moshi, kisha akaja kwangu kuazima mpira wa upepo na kuipuliza.

Mkwe alipoiona tabia hiyo alimsogelea kwa heshima zote, mikono imekutana mbele. "Baba, samahani. Filta ile huwa haifunguliwi hivyo. Kuna kidirisha kidogo pale kwenye bomba la hewa. Kikiwa kijani iache. Kikigeuka chekundu ndipo uibadilishe, uweke mpya."

"Nani amekitengeneza hicho kidirisha?"

"Kiwanda, baba."

"Asante, mwanangu." Kijana alipoondoka shemeji akanigeukia, macho yamemtoka. "Umemsikia? Anataka niliache gari lijae vumbi life!"

Akaanza kuipiga mara tatu kwa siku.

Kiangazi kikakaza. Vumbi lilikuwa jeupe, linaingia hadi kwenye meno. Pua ikaanza kubadilika. Kwanza ikawa nzito mlimani. Halafu ikaanza kunywa oili, na moshi wake ukageuka wa bluu. Shemeji alikonda pamoja nayo. Alihamishia hasira nyumbani. Jumapili moja, mezani, alimsukumia binti yake sahani na kumwambia, "Mwambie mumeo, nikikosa kazi asije kunililia kwenye msiba alioupika yeye." Binti alilia, akamshika mumewe mkono, wakaondoka. Jumapili zilizofuata viti vyao vilikaa vitupu, na dada akaacha kumwambia anuse chai upesi. Alikuwa anaiweka tu mezani na kuondoka. Mimi iliniuma, kwa sababu maneno ya kidole na bomba la moshi niliyapeleka mimi.

Pua ilikufa mlimani, ikiwa na mzigo, saa za asubuhi watu wote wakiangalia. Ilikohoa, ikatoa wingu la bluu, ikazimika na haikuwaka tena. Iliburutwa hadi gereji kwa mnyororo, na gari lililoiburuta lilikuwa Bapa. Shemeji alitembea pembeni yake njia nzima, mkono juu ya boneti.

Mama Kokoto alikuja. Wakala naye alikuwepo, sijui alipataje habari mapema vile. Madereva wakajaa mlangoni.

"Kuna mkono wa mtu hapa," shemeji akasema kwa sauti ya kutosha. "Gari hili halijafa, limeuawa. Lifunguliwe mbele ya kila mtu, na aliyefanya ajulikane leo." Alikuwa anamtazama mkwe wake bila kupepesa.

Alivua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Mkwe akainama kwenye injini. Alichomoa bomba la hewa upande wa ndani, kule ambako hewa inatakiwa kuwa safi, akapitisha kidole. Kidole kilitoka cheupe kwa vumbi. Ndipo nikaelewa kidole cha siku ile kwenye bomba la moshi: ndivyo fundi anavyopima injini. Kisha akaitoa filta na kuinua juu, kwenye mwanga wa mlango. Mahali pengi karatasi yake ilikuwa imechanika, hasa upande ule unaopigwa kwenye tairi, na jua lilipenya.

Kila mtu wa machimboni anajua maana yake. Vumbi lilikuwa linaingia moja kwa moja na kuisaga injini kama jiwe. Lakini kijana aliishusha filta haraka, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia mikono kabla Mama Kokoto hajasogea.

"Umeona nini?"

"Uzee, mama," akasema. "Injini imechoka tu. Hakuna aliyefanya kitu."

Wakala akafungua mikono. "Si nilisema? Hizi gari hazidumu siku hizi. Ndiyo maana watu wanazikimbia."

"Basi," Mama Kokoto akasema. "Mpya zote ziwe Bapa. Hizi za ukutani na hii, zikatwe." Akamgeukia shemeji, sauti imelegea kidogo. "Wewe utapewa Bapa. Si kosa lako gari likiwa bovu."

Watu wakatawanyika. Shemeji alibaki palepale. Nilikuwa nimesimama karibu naye jua lilipopenya ile filta, na nilijua ameona.

"Shemeji," akaniuliza polepole, "ufunguo wa boneti alikuwa nao nani?"

"Wewe."

"Na ule mwingine?"

"Uko kisimani. Ulitaka niwe shahidi."

Akaketi juu ya tairi bovu. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye pale, na sijawahi kutamani kumpiga mtu hivyo pia. Baadaye akanyanyuka na kwenda ofisini. Nikamfuata mbio, nikidhani anakwenda kumchongea kijana kwa jambo jingine.

Mama Kokoto alikuwa na wakala, karatasi za tipa mpya ziko mezani tayari.

"Mama, yule fundi wako amekudanganya," shemeji akasema. "Gari halikuzeeka. Limejazwa vumbi."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akaeleza yote, kupiga filta, kupuliza, kidirisha alichoambiwa akakataa kukiamini. Hakujitetea hata kidogo. Mama Kokoto alimsikiliza hadi mwisho.

"Unajua usingesema kesho ungepanda gari jipya?"

"Najua."

"Sasa umesema kwa nini?"

"Kwa sababu umeziita Pua mbovu." Akaonyesha gereji kwa kidole. "Ile haikuwa mbovu, mama. Imenivumilia mimi kiangazi kizima."

Wakala alianza kusema kitu kuhusu saba katika kumi. Mama Kokoto akamwomba akasubiri nje.

Hakununua Bapa tupu. Alinunua za aina zote mbili, na akaagiza injini ya Pua ishushwe na kutengenezwa. Lakini alisema wazi kwamba shemeji hatagusa usukani wake tena, na hakubembelezeka. Badala yake alimpa kazi ya getini, kukagua kila tipa inayotoka, kama mzigo umefunikwa na taa zinawaka. Yule mama si mjinga. Tangu siku hiyo hakuna jiwe linalotoka pale bila kutazamwa usoni.

Jumapili iliyofuata shemeji alikwenda mwenyewe kwa binti yake, kwa miguu. Mimi na dada tulimsindikiza. Hakujua pa kuanzia, akaanza kwa swali, kama kawaida yake. "Ulidanganya mbele ya mwajiri wako kwa ajili yangu. Kwa nini?"

"Wewe ni baba yangu," kijana akajibu.

Shemeji akamtazama muda mrefu, akitafuta sababu nyingine. Nilimwona kabisa akiitafuta. Kisha akamwomba msamaha, kwa maneno machache yaliyokaa vibaya, na binti akaenda kuchemsha chai. Shemeji aliinusa. Tulicheka sote, hata yeye.

Pua ilirudi kazini na dereva mwingine, kijana aliyetokea kwenye Bapa. Boneti haina kufuli, zimebaki zile pete mbili tu zinazogongana njiani. Jioni ya kwanza ilipofika getini, shemeji aliizunguka, akagonga matairi yote, akavuta turubai, akawasha na kuzima taa. Alipofika mbele alisimama kwenye boneti, mikono ameifunga nyuma.

"Kidirisha kikoje?" akamuuliza dereva.

"Kijani, mzee."

Nilisubiri aseme lile neno lake. Midomo ilijongea. Aliitazama ile boneti, akamtazama yule kijana.

"Haya," akasema, na akafungua geti.