Siku Tuliyochimba Bila Kuimba

Mume wangu alikuwa mtu wa kusamehe haraka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi kwake. Mimi nikinuna, nimenuna. Niliweza kupika, kukamua na kumtengea maji ya kunawa bila kumpa neno hata moja kwa siku tatu, na siku ya nne nikaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza tumegombana. Mama mkwe alikuwa akicheka na kusema wagombanao ndio wapatanao. Kisha anaacha kucheka na kuongeza, "Lakini kisimani msiende na ugomvi wenu." Nilimwitikia kwa adabu, maana mama mkwe haitikiwi vinginevyo, na neno lenyewe sikulijali.

Tulikaa Ihumwa, katika tembe yenye paa la udongo ambalo juu yake nilianika majani ya mlenda. Visima vya nyumbani vilipokauka, kila kiangazi, ng'ombe walipelekwa mbali, kuufuata mto wa Kinyasungwe upande wa Mpwapwa. Mto huo kiangazi hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu, mpana, na maji yako chini yake kwa anayejua kuchimba. Nyumba nyingine zilipeleka vijana wa kiume. Sisi hatukuwa nao, kwa hiyo tulikwenda wawili, mume na mke, na watu walitushangaa.

Wacha washangae. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile ya kambini. Tulizungushia ng'ombe boma la miti na miiba, na sisi tukalala humohumo juu ya ngozi moja ya ng'ombe. Tulikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, bila mgeni wa kukaribisha wala wifi wa kunihesabia vijiko. Mume wangu alinifundisha kusoma nyayo mchangani: hapa fisi amesimama, hapa ameghairi. Nilimfundisha kupika mlenda, akaunguza chungu, tukaula hivyohivyo. Nyumbani hakuna mwanamume ambaye angeonekana akikoroga mlenda, lakini kule nani angemwona?

Kazi kubwa ilikuwa kisima. Kisima cha mchanga huchimbwa kwa mikono na kwa nusu ya kibuyu, kwenda chini mara mbili ya urefu wa mtu, na kila siku maji yanashuka nawe unayafuata. Mmoja huingia, mwingine hubaki juu na kamba na ndoo ya ngozi. Na huimbwa. Aliye juu huanza, aliye chini huitikia. Mgeni angedhani ni raha tu, maana sisi watu wa huku hata msibani tunaimba, lakini wimbo wa kisima una kazi yake. Aliye juu hamwoni mwenzake vizuri. Kuitikiwa ndiko kunakomwambia kuwa mwenzake bado ni mzima kule chini, na asipoitikiwa huacha kila kitu akachungulia.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa ule ambao reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa ikitukaribia. Jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wanaume wa kubeba mataruma ya kulazia reli. Waliokwenda kabla, wengine walirudi na shuka mpya mabegani. Wengine hawakurudi, na hakuna aliyekuja kutueleza kwa nini.

Usiku wa pili wa kambi yetu ya tatu mwaka ule, mume wangu alikohoa, akasema, "Nimemkubalia jumbe."

"Umemkubalia nini?"

"Reli. Mvua zikiisha nitakwenda. Amesema nikienda, ng'ombe wa baba hawataguswa."

"Umemkubalia lini?"

"Kabla hatujatoka nyumbani."

Siku zote zile njiani alikuwa ananichekea huku amekwisha kujitoa. Kama angeniuliza, labda ningekubali. Nilichukua ngozi yetu ya kulalia, nikaivuta upande wangu, nikampa mgongo. Alilala kwenye majani. Kuanzia hapo sikumsemesha, na yeye, baada ya kujaribu mara mbili tatu, akachoka akanyamaza pia. Hilo lilikuwa jipya. Hakuwahi kuninunia hata siku moja, na nilishangaa jinsi lilivyoniuma.

Ikafika asubuhi ya nne. Maji yalikuwa yameshuka sana, ng'ombe walilia tangu alfajiri. Mume wangu alisimama kwenye ukingo wa kisima, nusu ya kibuyu mkononi, akanitazama. Nilijua anasubiri nini. Wimbo huanzwa na aliye juu. Nikainama, nikajifanya nakaza fundo la kamba ambalo lilikuwa limekaza tayari. Akangoja kidogo, kisha akashuka kimya.

Tulifanya kazi kama watu wasiofahamiana. Ndoo ikijaa aliitikisa kamba, nikavuta, nikamimina kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, nikairudisha. Mara nyingine ilipanda na matope matupu, maana alikuwa akichimba zaidi. Mchanga wa ukutani ulikuwa umelowa na kuvimba. Kama tungekuwa tunasemezana ningemwambia.

Baadaye niliivuta ndoo, nikaimimina, na badala ya kuirudisha nikakaa kando ya hori na kamba mapajani, nimekipa kisima mgongo. Mtamba mwekundu alikuwa akiwasukuma wenzake na nilitaka naye anywe kwa zamu. Hapo ndipo alipoita.

"Mwenzangu."

Aliita mara moja, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba kitu. Nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, ameanza yeye. Siku nne zote nilikuwa nalingojea neno hilo moja, na nilipolipata nikataka la pili. Acha aite tena, nikasema, ndipo nitakapogeuka. Nikamkuna mtamba shingoni, polepole, nikingoja.

Nilisikia sauti kama ya uwele unapomiminwa ghalani. Ng'ombe wote waliinua vichwa kwa pamoja.

Nilipochungulia, nusu ya kisima haikuwepo. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeteremka, na mume wangu alikuwa amefukiwa hadi mabegani, mkono mmoja juu, kichwa kimelala upande. Macho yake yalinitazama. Mchanga uliendelea kuchuruzika kuelekea mdomo wake.

"Usikaribie ukingoni," alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi.

Kambi ya jirani ilikuwa ng'ambo ya kona ya mto. Kwenda na kurudi, jua lingekuwa utosini. Niliutazama ule mchanga unaochuruzika nikajua kuwa nikienda nitarudi na watu wa kuzika. Nilikimbilia boma, nikang'oa miti, miiba ikinichana mikono mpaka viwikoni. Ng'ombe waliokuwa bado ndani wakaona njia, wakatoka, na waliokuwa horini wakawafuata.

"Ng'ombe," alisema nilipomrudia. Alikuwa amezisikia kwato.

"Waache waende. Nyamaza."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake baada ya siku nne.

Niliichukua ile ngozi ya kulalia, nikazunguka upande ambao haukuanguka, nikateremka nimekaa, kisigino baada ya kisigino. Niliisimamisha ngozi nyuma ya kichwa chake, nikaichomekea miti, nikaiegemea kwa mgongo ili izuie mchanga. Kisha nikamwinamia juu ya bega, nikaanza kuchimba mbele yake kwa mikono, maana kibuyu kilikuwa kimefukiwa naye. Nikitoa mchanga kiganja kimoja, nusu yake inarudi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa au nitakavyowahi kuogopa tena, na mikono iliendelea yenyewe.

Kifua chake kilipokuwa bado ndani, midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nikaanza wimbo. Sauti ilinitoka mbaya, ya kukwama. Hakuwa na pumzi ya kuitikia, nikamwambia apepese macho mahali pa kuitikia, naye akapepesa. Kila alipochelewa nilikatisha wimbo nikampiga shavuni. Mgongo wangu ulikuwa unaungua kwa uzito wa ule mchanga nyuma ya ngozi. Nilimwambia aende relini, aende hata leo, aende hata Ulaya kwao Wadachi akitaka, ila kwanza atoke.

Kifua kilipotoka alivuta pumzi ndefu yenye mlio, akaanza kunisaidia kwa mikono yake. Kutoka kiunoni hadi magotini ilikuwa kazi ndefu zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yameshapanda na mchanga uliolowa hushika. Nilimfunga kamba kwapani, nikapanda, nikaizungusha kwenye shina la mgunga lililokuwa ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka kisimani. Nilivuta, yeye akajinyonganyonga. Jua lilikuwa limepita utosini alipolala juu ya mchanga.

Ngozi na miti tuliviacha kule. Tulikuwa hatujafika mbali ukuta ulipoanguka wote.

Tulikaa kivulini. Nilimpa maji yaliyobaki horini, akanywa, akatapika, akanywa tena. Nilikuwa nalia na sikujificha. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nilikuita," alisema.

"Lini?"

"Nilipokuwa nimenasa magotini tu. Niliona ukuta unapasuka. Ungenitupia kamba ningetoka." Hakusema kwa lawama. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayepanga mambo yalivyofuatana. "Ulisikia?"

Ndoo na kamba vilikuwa mapajani mwangu wakati ule. Nilikuwa namkuna ng'ombe.

"Sikusikia," nikasema.

Akatikisa kichwa, akijihukumu mwenyewe. "Kosa ni langu. Niliita chinichini. Kiburi tu, sikutaka uone kuwa nimeanza mimi. Nisamehe, mke wangu."

Nikamsamehe.

Ng'ombe tuliwapata jioni, wote isipokuwa ndama mmoja. Relini hakwenda. Alimwambia jumbe kuwa hawezi kumwacha peke yake mke aliyemfukua kwa kucha, na jumbe, ambaye alipenda hadithi kuliko kazi, akamtafuta mtu mwingine. Nami nikawa mke wa mfano Ihumwa nzima. Wanawake waliwaonyesha binti zao mikono yangu yenye makovu ya miiba.

Mume wangu aliisimulia siku ile maisha yake yote, penye pombe ya mtama na penye mavuno, kwa wageni na kwa wanetu waliozaliwa baadaye. Akifika pale alipoita, alikuwa akisimama na kuishusha sauti, ili watu waelewe ni jinsi gani nisingeweza kumsikia. Kila mwaka aliishusha zaidi. Miaka ya mwisho, hata waliokaa naye mkeka mmoja walilazimika kumwuliza amesema nini. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, na kila mara nilimsikia.